Madoa ya Mtihani

Kuku alifika Makongeni akiwa hai, miguu imefungwa kwa kipande cha leso, ndani ya kikapu kilichotoka Bungoma kwa basi. Aliletwa awe kitoweo. Majuma yakapita na Gachau hajamchinja. Alimfuga nyuma ya nyumba, karibu na karo la kufulia, akimlisha ukoko wa ugali, na majirani walipouliza kuku huyo anangojewa nini, alijibu kwamba anangoja apate kitambulisho. Wakacheka. Gachau alikuwa mtu wa kuchekesha. Hata matangani watu walipenda kukaa karibu naye, halafu wakajilaumu baadaye.

Ukweli ni kwamba alikwisha kushika kisu zaidi ya mara moja. Kila aliposhika aliyakumbuka maneno ya mama aliyemtuma kuku yule, maneno aliyoyasikia kwa simu akiwa amesimama kando ya binti wa mama huyo: huyu ni wa kijana aliyemsaidia Jentrix kuiona dawa. Mtu hawezi kula kuku wa dawa ambayo hana hakika nayo. Angemkwama kooni, mfupa kwa mfupa.

Jentrix ndiye binti mwenyewe. Alikuwa akisomea uzamifu katika chuo kimoja upande wa Ruiru, na Gachau alikuwa mtu wa kompyuta katika maabara hiyo hiyo. Wote wawili walikaa Thika, Gachau Makongeni, Jentrix kwa dadake kule Landless. Kazi yao ilikuwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaokuachia ng'ombe wa maziwa amelala chini na povu puani. Kimelea cha ndigana kina protini moja ambayo bila hiyo hakiishi. Protini yenyewe ina mfuko, kama mfuko wa shati, na Jentrix alitaka kujua kama dawa fulani aliyoichagua inaweza kuingia mle mfukoni na kukaa. Ikikaa, kimelea kinakufa njaa.

Sasa, protini haionekani kwa macho wala kwa hadubini. Inabidi uibembeleze mpaka igande iwe fuwele, punje ndogo zinazometameta kama chumvi. Jentrix alizikuza fuwele zake kwa miaka, tone kwa tone, kwenye visahani vyenye vishimo. Stima ikipotea zilikufa. Mtu akibamiza mlango zilipasuka, au ndivyo alivyoamini yeye, na aliyebamiza aliambiwa maneno ya Kibukusu yasiyohitaji kutafsiriwa. Zilipokubali hatimaye, aliziloweka kwenye ile dawa, akazivua moja moja kwa kitanzi cha uzi usioonekana vizuri, akazichovya kwenye gliserini ili zisipasuke zikigandishwa, zikasafirishwa hadi ng'ambo kwenye mtambo mkubwa wa eksirei. Kilichorudi Ruiru kwa mtandao ni picha za madoa, maelfu kwa maelfu, kama shati jeupe lililorushiwa wino.

Hapo ndipo kazi ya Gachau ilipoanzia, na hapo ndipo hesabu inapoleta ukorofi. Kila doa hukuambia wimbi la eksirei lilifika na nguvu kiasi gani. Halikuambii lilifika likiwa linapanda au linashuka. Nusu ya habari imeachwa njiani. Ili upate umbo la protini, ile nusu iliyopotea inabidi uiazime kutoka kwa protini ndugu ambayo watu wengine walishaichora, kisha uende ukirekebisha kidogo kidogo. Programu inakuchorea wavu wa buluu kwenye skrini, nawe unapanga atomi ndani ya wavu. Hatari yake ni hii: wavu wenyewe umefumwa nusu kwa data na nusu kwa imani yako. Ukiamini kuna kitu mahali, ukakiweka, wavu utakizunguka kwa heshima kana kwamba ulikuwa ukikingojea siku zote.

Ndiyo maana watu wa kazi hii wana desturi. Kabla hujaanza, doa moja katika kila ishirini linawekwa kando, na programu hairuhusiwi kujifunza kutokana na hayo. Baadaye unayatoa na kuuliza: je, umbo nililochora linaweza kubashiri madoa ambayo halijawahi kuyaona? Gachau aliwaeleza wanafunzi wapya kwa lugha ya nyumbani. Hayo ni madoa ya mtihani, alisema. Ukimpa mtoto karatasi usiku wa kuamkia mtihani atapita vizuri sana, na wewe hutajua kama kichwani kuna kitu. Hakuna Mkenya aliyehitaji aelezwe zaidi.

Na yeye, mwalimu wa somo hilo, ndiye aliyevujisha karatasi.

Ilikuwa hivi. Alianza na programu moja, ikamfikisha nusu ya safari, akahamia nyingine iliyokuwa na ujuzi zaidi wa kushughulikia dawa. Programu hizo mbili hazisalimiani. Alama inayoonyesha madoa yaliyotengwa katika moja, nyingine inaiona kama uchafu. Ile mpya ikauliza kwa upole: sioni madoa yaliyotengwa, nikuchagulie mengine? Gachau alilijua jibu. Jibu lilikuwa kusema la, kurudi nyuma, kuzitafsiri zile alama za kwanza na kuendelea nazo. Lakini Jentrix alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akipumua kwa hamu, na Daktari Waweru, msimamizi wao, alikuwa anapitisha kichwa mlangoni kila mara kuuliza vipi. Gachau akabofya ndiyo. Moyo ulimdunda. Akauambia nitarudi.

Programu ikachagua madoa mapya ya mtihani, na karibu yote yalikuwa yale ambayo umbo lilikwisha kuyasoma na kuyakariri. Namba ya mtihani, ile inayopima makosa, ikashuka, na katika kazi hii namba ikishuka ndiyo sherehe. Mfukoni mwa protini kulikuwa na bonge la wavu. Gachau akaipachika dawa humo, wavu ukaikumbatia. Jentrix akamkumbatia Gachau pamoja na kiti chake. Kuku akapanda basi.

Alirudi, ni kweli, ila alirudi akiwa amechelewa. Siku ya Jentrix ya kutetea tasnifu ilikuwa imekaribia, akataka picha nzuri ya mfuko na dawa yake. Gachau alipokuwa akichakura faili za zamani, alikutana na madoa ya kwanza, yale halali, yamelala pale pale alipoyaacha. Akazitafsiri alama zake kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Akaitoa dawa mfukoni. Akalitikisa umbo zima kwa hesabu ili lisahau yale liliyokariri, akaiachilia programu ifanye kazi upya. Kisha akaenda kununua chai huku akiomba, na hakuwa mtu wa kuomba ovyo, kwamba atarudi akute hakuna kilichobadilika.

Namba ilikuwa imepanda. Haikupanda vibaya, umbo la protini lilisimama, kazi ya Jentrix ilikuwa safi. Ni mle mfukoni mlimomtoa jasho. Bonge la wavu lilikuwepo bado, lakini limenywea. Dawa ni kitu kirefu chenye pete mbili. Hiki kilikuwa kifupi, chenye vidole vitatu. Alipoirudisha dawa, nusu yake ilining'inia hewani na programu ikaizungushia rangi nyekundu, ambayo ndiyo njia yake ya kukuambia umeweka kitu ambacho hakipo. Alipoweka gliserini, ikaingia kama mguu kwenye kandambili yake ya zamani.

Gliserini. Ile ile ambayo Jentrix alizichovyea fuwele. Ile ile inayouzwa kwa chupa ndogo katika kila duka la Makongeni, watu wakajipaka visiginoni baridi ya Julai ikikaza. Walikuwa wameutangazia ulimwengu, au tuseme Ruiru na sehemu ya Bungoma, kwamba wameiona dawa ya ng'ombe, kumbe wameona kitu cha kujipaka miguuni.

Mtu mwingine angesema siku ile ile. Gachau alitaka kusema, ila alikuwa na ugonjwa wake wa maisha: neno likiwa zito, alilibeba kwa mzaha. Ugonjwa huo aliuokota miaka ya nyuma, alipokuwa akichapa ratiba za mazishi katika saibakafe, ambako ukikaa na uso wa huzuni kila siku utaishia kujichapia ya kwako. Basi alimkuta Jentrix kibandani kule Landless anakula githeri, akavuta benchi akaketi mbele yake.

"Na ikiwa ile dawa yetu ni gliserini tu?"

Jentrix hakuinua kichwa. "Basi nitajipaka. Hii miguu imepasuka juu ya kukufuata wewe na kompyuta yako."

"Naongea serious, mama fuwele."

"Wewe? Serious?" Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, na mwenye kibanda naye akacheka bila kujua kinachochekwa. "Kula, Gachau. Na Jumapili ukuje kanisa, uvae shati iko na kola. Kuna shukrani."

Angesema hapo. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Akautia githeri.

Shukrani ya kanisa la kina Jentrix haikuwa jambo la kupita. Watu wa Magharibi mwa Kenya waliokuja Thika kutafuta kazi za viwandani walikuwa wamejaa hapo tangu ibada ya kwanza, na mwenzao akifika mahali walifika naye. Jentrix alisimama na kwaya nyuma yake. Alisimulia stima zilizopotea, fuwele zilizokufa, mwaka aliotaka kurudi nyumbani akauze mboga. Alishika simu mkononi, imewashwa, ili mama yake asikie kutoka Bungoma. Kisha akasema Bwana alimpa ndugu kutoka jamii nyingine, kijana wa kompyuta, na kupitia kwake dawa ikaonekana. Akaanzisha wimbo. Alikuwa na sauti nzuri, kubwa kuliko mwili wake.

Gachau akaitwa mbele. Pasta aliishika mikono yake yote miwili, akamwomba Mungu aibariki mikono hii inayobofya. Watu wakasema amina. Gachau alifumba macho kama inavyotakiwa, na kilichomjia si uso wa Mungu bali lile swali la programu, maandishi yake madogo, na kidole chake mwenyewe kikishuka.

Nje, baada ya ibada, Mzee Kilonzo alimshika mkono na hakuuachia. Alikuwa mfugaji wa kule Ngoliba, amekuja kumtembelea mwanawe, na ndigana ilikuwa imemmalizia mitamba yake. Amebakisha ng'ombe mmoja. Alikuwa amepanga kumuuza, alieleza, lakini baada ya yale aliyosikia leo ameona afadhali angoje hiyo dawa. Gachau akamwambia asingoje chochote: anyunyizie dawa ya kupe kama kawaida, na akiona ng'ombe amevimba tezi za shingo amwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mzee Kilonzo akamtazama kwa mapenzi. Akawageukia wengine, akawaambia tazameni kijana alivyo mnyenyekevu.

Jioni hiyo Gachau hakula. Kuku alikula.

Jumatatu aliwahi Ruiru kabla ya wengine. Alifungua picha mbili kwenye skrini, ya zamani na ya sasa, na Jentrix alipoingia akamwomba akae kwenye kiti. Yeye akasimama. Alimweleza kwa mpangilio: programu ya kwanza, swali la ile ya pili, ndiyo aliyoibofya akijua, madoa halali aliyoyakuta, dawa inayoning'inia, gliserini inayotoshea. Alijikaza asitie hata chembe ya mzaha, na sauti ikamtoka kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo la kifo redioni.

Jentrix alishika mausi akauzungusha ule mfuko, juu, chini, akitafuta mahali dawa yake ingeweza kujibanza. Alitafuta kwa muda. Macho yake yalikuwa yamezoea vitu vidogo visivyotaka kuonekana, na kama kungekuwa na kitu angekiona.

"Gliserini ni yangu," alisema mwishowe. "Ni mimi nilichovya."

"Kuchovya ni lazima. Kila mtu anachovya. Kosa ni langu."

"Ulijua lini?"

Gachau alikuwa amejiandaa kwa maswali ya namba, ya programu, ya tasnifu.

"Gachau. Ulijua lini?"

"Kabla ya kanisa."

"Na ile siku ya githeri?"

"Nilikuwa najua. Nilikuja kukuambia."

"Ukanichekesha."

"Nilijaribu, Jentrix."

"Hapana." Alisema polepole, bila kupandisha sauti. "Kujaribu ni hii ya leo. Ile siku ulitaka nikatae kusikia, ndio ikuwe makosa yangu." Akatazama skrini tena. "Nilisimama mbele ya watu wetu. Mama yangu alikuwa kwa simu. Na wewe ulikuwa umekaa hapo, umevaa kola, ukaniacha niimbe."

Kwa mazoea, kichwa cha Gachau kilikwenda kutafuta neno la kupunguza makali. Kikalipata. Lilikuwa neno zuri hata. Akalimeza.

Jentrix akainuka akatoka. Aliufunga mlango taratibu, kitasa mkononi, mpaka ukakaa bila mlio. Hasira yote ile na bado alizikumbuka fuwele. Gachau alitamani angeubamiza.

Alirudi saa ya chai, macho yamekauka. Alisema kwamba kwa Daktari Waweru yeye hatasema neno. "Utasema wewe. Mimi nitakaa nikusikilize. Na akicheka, ngoja amalize."

Daktari Waweru alicheka, kama ilivyotarajiwa. Alianza kutabasamu Gachau akiwa bado mlangoni, kwa sababu Gachau hakuwahi kuingia ofisini mle bila hadithi. Aliposikia dawa ni gliserini, aliutupa mwili nyuma kitini, akasema huyu kijana tunampoteza hapa, mahali pake ni kwa televisheni. Gachau akangoja. Kilikuwa kicheko cha mtu mnene mwenye furaha, na kilikuwa na awamu. Kilipofika mwisho, Daktari alimtazama Jentrix ili wacheke pamoja, akakutana na uso ambao haukuwa umecheka.

"Rudia," akasema.

Gachau akarudia yote.

Walikaa mbele ya skrini mpaka chakula cha mchana kikapoa. Daktari Waweru aliuliza maswali magumu, na moja alijiuliza mwenyewe kwa sauti: kwa nini hakuomba kuonyeshwa yale madoa kabla ya kushangilia. Mwisho wa yote, mambo yalisimama hivi. Umbo la protini ni la kweli na litabaki, mfukoni mwake ikiandikwa gliserini. Sura ya dawa inatoka kwenye tasnifu. Itabidi zikuzwe fuwele nyingine, zilowekwe kwenye dawa kwa muda mrefu zaidi, na zikingwe na baridi kwa kitu kingine. Jentrix hatavaa kanzu ya mahafali mwaka huu. Daktari alisema hilo la mwisho akitazama dirishani.

Gachau akasema yuko tayari kuacha kazi. Alikuwa amelipanga kama zawadi.

"Aende wapi?" Jentrix akamuuliza Daktari, kana kwamba Gachau hayupo. "Aniachie hii yote mimi? Akae afanye."

Habari za Bungoma Jentrix alizipeleka mwenyewe, kwa simu, amesimama nje karibu na tangi la maji. Gachau hakuelewa Kibukusu, lakini jina lake alilielewa, na lilitajwa mara nyingi kuliko alivyopenda. Jumamosi iliyofuata alimfunga kuku miguu, akampeleka Landless. Dada yake Jentrix alimpokea mlangoni, akamshukuru, akamchinja siku hiyo hiyo. Gachau hakukaribishwa kuketi.

Ikawa ni kukuza upya, tone kwa tone. Mvua ndefu zikaja na stima ikafanya yake. Jentrix alimsalimia Gachau kila asubuhi, alimjibu kila alilouliza, na hakumtania tena. Wanafunzi wapya walidhani wawili hao hawajuani sana.

Siku data mpya zilipoingia kutoka ng'ambo, Jentrix ndiye aliyezifungua kwanza. Alitenga madoa ya mtihani yeye mwenyewe, akayatoa kabisa kwenye faili, akayaweka kwenye flashi aliyoivaa shingoni pamoja na funguo za nyumba. Gachau akapewa yaliyobaki. Kikazi haikuwa lazima. Programu ingeweza kuyaficha yenyewe, na wote wawili walilijua hilo.

Utaratibu ukawa kwamba Gachau akimaliza raundi moja ya kurekebisha umbo, anampelekea. Jentrix anaketi kwenye kompyuta ya kona, mgongo ukiwa upande wake, anapima, kisha anakuja kumwambia namba. Mfukoni, safari hii, wavu ulikuwa hafifu, na Gachau hakuweka kitu humo. Aliuacha mfuko wazi.

Raundi ya kwanza ilipokwisha, Jentrix alikuja akasimama kando ya meza yake, akasoma namba. Ilikuwa mbaya. Gachau alilihisi jibu likimpanda mpaka ncha ya ulimi, la aina ile ambayo zamani ingemkunja Jentrix kwa kicheko. Akaliacha lipite.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya," Jentrix akakubali. Alibaki pale kidogo, akiangalia mfuko mtupu kwenye skrini. Kisha akarudi kwenye kona yake, na Gachau akavuta kiti akaanza tena, asijue ni madoa gani yanayomtazama.